Ila Iliyositirika Nyuma ya Gurudumu

Miongoni mwa maswali ambayo watu wa dini na watu wa biashara hukutana nayo pasipo kuyatafuta, liko moja ambalo zama hizi limejificha mahali ambapo wanazuoni wa kale hawakupata kupawazia, nalo ni hili: mtu aliyezipenda rimu zisizoumbiwa gari lake, akafungisha spesa za alumini baina ya habu na rimu hizo ili zikae, kisha akaliuza gari bila ya kuzitaja, je, amemghushi mnunuzi, au ameuza mali yake kama ilivyo na mnunuzi ana macho yake?

Jawabu haliwezi kutolewa na mtu asiyejua kipande hicho kinafanya kazi gani. Kila rimu ina uso unaokaa juu ya habu, na umbali wa uso huo kutoka mstari wa katikati ya upana wa rimu ndio mafundi wauitao ofseti, ambao hupimwa kwa milimita na aghalabu huandikwa kwenye rimu yenyewe kwa herufi mbili, ET, zikifuatwa na tarakimu. Rimu ya ofseti 50 ikifungwa kwenye gari lililokusudiwa ofseti 35 huzama ndani milimita 15 zaidi ya ipasavyo, tairi likakaribia shokapu au likaigusa. Basi fundi hutia spesa ya milimita 15, na gurudumu likarejea pale pale alipolitaka aliyeliunda gari. Hesabu hiyo ni sahihi, wala sioni sababu ya kuwafuata wale wanaoikashifu spesa kwa jumla kana kwamba ni haramu kwa dhati yake, ilhali wao wenyewe wamefunga rimu za ofseti ndogo zilizotokeza nje ya matgadi. Kwani beringi haijui kama gurudumu limesogezwa nje na spesa au na umbo la rimu, nayo hulemewa sawasawa kwa hali zote mbili.

Ubaya huingia kwa mlango mwingine. Stadi ya gari dogo la Kijapani aghalabu ina unene wa milimita 12, na kila mzunguko mmoja wa nati huisogeza milimita 1.5, na kanuni ya mafundi ni kwamba nati ishike meno kwa urefu usiopungua unene wa stadi, yaani mizunguko minane kamili. Sasa mtu akichomeka spesa nene juu ya stadi zile zile za asili, akaipachika rimu mbele yake, nati hushika mizunguko mitatu au minne, ikakazwa kwa spana ikakazika, na kwa anayetazama kutoka nje hapana tofauti yoyote. Ndiyo maana spesa nene zilizotengenezwa kwa ilimu huja na stadi zake, zikafungwa kwanza kwenye habu kwa nati za ndani, ndipo rimu ikafungwa juu yake. Tena liko tundu la katikati: habu za Toyota nyingi ndogo zina kipenyo cha milimita 54.1, na spesa yenye tundu pana kuliko hapo haikai juu ya habu bali huning'inia juu ya stadi peke yake, na gari likifika mwendo wa barabara kuu usukani huanza kutetemeka mikononi mwa dereva. Wala sitaki kuwataja kwa urefu wale wanaopanga washa tatu tatu kwenye kila stadi na kuziita spesa.

Mwenye kuinama akaufungua mguu mmoja wa gari, akazizungusha nati kwa vidole na kuhesabu, huyajua yote hayo kwa muda mfupi. Lakini ni mnunuzi gani anayekwenda kutazama gari na jeki mkononi?

Hapo ndipo sharia ya biashara inapokuwa na la kusema, nayo ililisema kabla ya kuzaliwa gari. Imepokewa katika hadithi mashuhuri kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni kwenye chungu ya nafaka, akatia mkono wake ndani, vidole vikakuta rutuba, naye akamkemea mwenye mali kwa kuificha sehemu iliyorowa badala ya kuiweka juu watu waione. Na imepokewa vilevile katazo la kumfunga mnyama chuchu asikamwe siku kadhaa ili kiwele kijae na mnunuzi adhani ana maziwa mengi. Mafakihi wakajenga juu ya misingi hiyo mlango wa khiyari ya ila, yaani haki ya mnunuzi kukirudisha kitu atakapokuta ndani yake upungufu uliokuwako kabla ya kukabidhiwa, unaopunguza thamani yake au unaolipoteza kusudi sahihi la kununuliwa kwake, ilhali desturi ya vitu vya jinsi hiyo ni kusalimika nao.

Kwa kipimo hicho spesa mbili zinazofanana machoni zaweza kuwa na hukumu mbili mbalimbali. Iliyokaa juu ya habu barabara, yenye stadi zake na nati zilizoshika, sithubutu kuiita ila, ingawa muungwana ataitaja. Iliyoning'inia juu ya mizunguko mitatu ya nati ni ila isiyo na shaka, kwani kusudi la gurudumu ni kutochopoka. Na wa kuamua kati ya hizo mbili si sheikh wala kadhi, ni fundi, kwa kuwa mafakihi wenyewe huwarejea watu wenye ujuzi katika kila jambo la ufundi.

Wauzaji wetu, hata hivyo, wana ngao moja waitegemeayo sana, nayo ni maneno "nakuuzia kama lilivyo". Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ambaye kitabu chake cha Minhaji kimesomeshwa katika darasa za mwambao wetu kwa dahari nyingi, amelijadili sharti la namna hii, na kauli aliyoipa nguvu ni nyembamba mno: sharti hilo humwokoa muuzaji katika ila ya batini ya mnyama, tena ile asiyoijua, basi. Sababu waliyoitoa ni kwamba mnyama hula akiwa mzima na akiwa mgonjwa, tabia yake hubadilika, na ni nadra kukosa maradhi yaliyofichikana. Atakuja mtu aseme kwamba gari lililotumika lafanana na mnyama kwa hayo, na katika habari ya injini nitamsikiliza. Ama spesa haikuota yenyewe usiku, iliwekwa kwa mkono, na mwenye kuiweka yu hai na anaijua.

Wala jukumu halimkalii muuzaji peke yake. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii wamesema kwamba hata mtu wa nje anayeijua ila ya kitu kinachouzwa yampasa ambainishie anayetaka kukinunua. Neno hili ni zito kwa dalali, ambaye kipato chake ni bei kupatikana, na ni zito zaidi kwa fundi, anayezijua siri za magari ya mtaa mzima na ambaye riziki yake yategemea kutozitoa. Mimi naona fundi huyo hana udhuru pale mnunuzi anapomletea gari na kumuuliza kwa ulimi wake.

Wajerumani wamelipitishia jambo hili kwenye karatasi: spesa huko hutakiwa kuwa na hati ya kuidhinishwa, na mara nyingi gari hupelekwa likakaguliwe na taasisi kama TÜV, na badiliko likaandikwa katika nyaraka zake. Kwetu hapana karatasi hiyo, na makadhi wa Kenya, kwa Katiba ya mwaka 2010, hawahukumu ila katika hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi; kwa hiyo khiyari ya ila katika gari imebaki baina ya watu wawili wanaomwogopa Mungu, au wasiomwogopa.

Na mnunuzi naye asidhani kwamba haki yake itamngoja. Katika madhehebu ya Shafii kurudisha ni kwa papo hapo: akiisha kuijua ila, kisha akaendelea kulitumia gari kwenda harusini na sokoni, ameridhika nalo na haki imeanguka. Mafakihi walimpa udhuru mwenye kumpanda mnyama mkaidi wakati wa kumrudisha, ikiwa ni taabu kumswaga au kumkokota. Basi je, aliyegundua spesa mbovu aruhusiwa kuliendesha gari mpaka kwa aliyemuuzia? Kwa kipimo cha udhuru huo naona yamfaa, maadamu kulivuta ni taabu na gharama. Ila kwa nati zilizoshika mizunguko mitatu ningemshauri akodi la kulivuta.