Rangi za Picha ya Ukoo

Wako wanaodhani kwamba rangi ya nguo ni jambo dogo lisilostahili kujadiliwa na walimu. Sisi twaona vingine. Mpakani Rusizi II, ambapo daraja huunganisha Rwanda na Bukavu, jamaa wa ukoo mmoja huishi ng'ambo zote mbili za mto, na arusi inapokaribia, swali hutangulia kabla ya kuitwa mpiga picha: tuvae nini?

Jibu la kawaida ni kitenge kimoja kwa wote. Watu wa pwani huyaita mavazi kama hayo sare, neno ambalo pia ni la mchezo usiokuwa na mshindi wala mshinde. Hapo ndipo penye shaka yetu. Kitenge huuzwa kwa kipande cha yadi 6, na ujira wa fundi huja juu yake. Tuliwahi kumwona dada mkubwa, mwenye duka Bukavu, akichagua kitambaa cha bei kubwa; na mdogo wake, mchuuzi wa nyanya anayevuka daraja kwa miguu kila asubuhi kutoka Kamembe, akakopa ili asikosekane pichani. Picha ilitoka nzuri mno: wote sawasawa, na mmoja ana deni. Je, ilisema kweli?

Yupo atakayejibu kwamba picha ya studio haikudai kamwe ukweli wa namna hiyo. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, aliwaazima wateja suti na saa, nasi hatuthubutu kuwaita waongo watu wale. Tena katika picha za zamani zisizo na rangi, nyekundu na kijani ziliweza kutoka kijivu kile kile, wala hapana aliyeaibika. Hoja hii ina nguvu. Lakini suti ya Keïta ilirudishwa baada ya picha, na mteja akaenda zake bila deni la nguo.

Kwa hiyo twashauri rangi ianzie sandukuni mwa aliye na kidogo. Akiwa na gauni la buluu lililofifia, wengine watafute buluu, nzito au nyepesi, kitenge au shati tu. Wenye uwezo ndio wasumbuke kulinganisha. Wazee watanung'unika kuwa picha haitapendeza. Huenda ikawa hivyo.

Yule mdogo tulimwuliza habari za kitenge chake. Alisema amekikunja, hakivai. Kila akikitazama huona bei.