Kati ya mbili na milioni 70

Namba tasa, zile zisizogawanyika bila baki ila kwa moja na kwa zenyewe, hujitokeza bila kufuata ratiba inayojulikana. Baada ya 11 inakuja 13, baada ya 29 inakuja 31; lakini ukishaipita 113, hukutani na nyingine hadi 127. Kadiri tunavyohesabu ndivyo zinavyoadimika, na huko mbele yapo mapengo marefu kuliko urefu wowote utakaoutaja. Hata hivyo, jozi zinazotengana kwa mbili tu huzidi kuibuka. Wanahisabati wanaamini kwamba jozi hizo hazina mwisho, ila hakuna aliyethibitisha.

Mwaka 2013 Yitang Zhang, mzaliwa wa China aliyekuwa mhadhiri katika Chuo Kikuu cha New Hampshire, Marekani, alithibitisha kwamba zipo jozi zisizo na mwisho za namba tasa ambazo tofauti yake haizidi milioni 70. Alikuwa amevuka umri wa miaka 55. Baada ya kuhitimu shahada ya uzamivu mwaka 1991 alikosa nafasi ya utafiti, akajikimu hata kwa kazi ya mgahawani. Miaka ikapita, swali akabaki nalo.

Anayetazama haraka atauliza: milioni 70 kwa aliyetafuta mbili, mafanikio gani hayo? Lakini kabla yake hakuna aliyekuwa amethibitisha kikomo chochote. Kutoka pasipo na kikomo hadi penye kikomo, hata kiwe kipana namna gani, ni safari kubwa kuliko kushuka kutoka milioni 70. Na Zhang hakudai hata chembe zaidi ya alichoweza kukisimamia. Katika zama za kutangaza makubwa kabla ya kuyatenda, uaminifu wa namna hiyo una thamani yake peke yake.

Upo uadilifu wa pili, nao ni wa waliompima. Andiko lilipofika katika jarida la Annals of Mathematics, jina la mwandishi halikuwa na umaarufu wowote. Wasomaji wake walifuata hoja, wakaipima, na katika wiki chache wakaikubali. Wengine wakapokezana kazi: James Maynard, kwa njia yake mwenyewe, akafika 600, na mwaka 2014 kundi la wanahisabati walioshirikiana hadharani wakafika 246. Ile mbili bado haijafikiwa.

Nadhani elimu husimama juu ya maadili haya mawili: mtu asidai zaidi ya alichonacho, na jamii isimpe pungufu ya anachostahili. La kwanza tunalihimiza sana kwa vijana wetu. La pili je? Akija mtu asiye na cheo, mkononi ana ukweli mmoja alioufanyia kazi miaka mingi, tutausoma ukweli wake, au tutamuuliza kwanza yeye ni nani?