Kurasa za Alfajiri

Unaijua saa ile ambayo jogoo ameshawika, watoto bado wamelala, na maji ya chai ndiyo kwanza yamebandikwa jikoni. Macho hayajafunguka vizuri, lakini mkono umeshaanza kupapasa simu. Leo nakuomba uiache palepale kwa nusu saa, hasa wewe unayeandika, iwe ni hadithi, mashairi au nyimbo za kwaya. Chukua daftari la kawaida la shule, uandike lolote linalokujia, kama linavyokuja.

Zoezi hili lina umri. Mwaka 1934 Mmarekani Dorothea Brande aliwashauri waandishi waamke mapema kuliko kawaida yao, waandike kabla ya kusoma gazeti au kuongea na mtu. Mwenzake Julia Cameron, katika kitabu chake cha mwaka 1992, akaweka kipimo: kurasa tatu kila asubuhi, kwa mkono, na kwa wiki nane za mwanzo hata wewe mwenyewe usizirudie kuzisoma. Sharti hilo la mwisho nalipenda mno. Linakupa muda wa kusema kabla hujaanza kujihukumu.

Maana utaandika mambo ya kodi ya nyumba, mgongo unaouma, kikao cha jana. Halafu katikati ya ukurasa wa pili, bila hata hodi, linajitokeza jina la ndugu yako ambaye hamjasalimiana tangu ule msiba. Limeshaandikwa. Utalikata, au utaendelea?

Natamani uendelee. Andika ulivyoumia, usipambe. Wengi wetu tunakwama kusamehe kwa sababu hatujawahi kukiri, hata faraghani, kwamba tuliumizwa. Na nani ajuaye, labda mistari michache mbele utaona kwamba na yeye aliumia?

Mwandishi Mmarekani Flannery O'Connor alikuwa na miaka 20, mwanafunzi huko Iowa, alipoanza daftari lake la sala mwaka 1946. Alimwandikia Mungu moja kwa moja. Aliomba awe mwandishi mzuri, akalalamika kwamba mawazo yake hayatulii katika sala, na siku ya mwisho, mwaka uliofuata, akaungama hata ulafi wa biskuti. Daftari hilo lilichapishwa mwaka 2013, yeye akiwa amefariki tangu 1964. Mimi hizo biskuti ndizo zinazonigusa. Hakusubiri awe na dhambi ya heshima ndipo aseme na Mungu wake. Je, wewe kuna jambo unaloliona dogo mno kumwambia?

Ukiruka siku, kesho yake usijilipishe kurasa sita. Andika tatu zilezile. Na likijitokeza jina la mtu, usikimbilie kumtumia ujumbe asubuhi hiyohiyo hasira ikiwa bado ya moto. Mwombee kwanza, kisha kesho mwandike tena daftarini.