Unene, Wembamba na Utu wa Kijana

Katika lugha yetu yamo maneno mengi ya kuueleza mwili wa mtu, na aghalabu maneno hayo hubeba hukumu ndani yake. Tukimwambia mtu kuwa amenawiri, tunamsifu. Tukisema amekonda kama ng'onda, tunamhurumia au tunamdhihaki. Neno "umenenepa", ambalo kwa wazee wengi ni salamu njema, kwa vijana wengi wa leo, hasa wa mijini, limekuwa karibu sawa na tusi. Mzee hulitamka kwa upendo; kijana hulipokea kwa uchungu, akaenda kujitazama kwenye kioo. Hapa pana jambo kubwa kuliko tofauti ya ladha baina ya vizazi viwili. Yafaa tujiulize: mwili wa mtu unashuhudia nini juu yake? Je, ni haki kumpima kijana, au kijana kujipima mwenyewe, kwa wingi au uchache wa nyama za mwili wake?

Ili kulijibu swali hilo, hatuna budi kwanza kuielewa ile salamu ya wazee. Wapo wanaodhani kuwa wazee waliupenda unene kwa sababu tu hawakuyajua madhara yake. Dhana hiyo haitoshi. Katika jamii za wakulima na wafugaji, ambamo mvua ikikosekana msimu mmoja watu hulala na njaa, mwili ulionawiri ulitoa habari za watu wengine: kwamba mtu huyu ana ndugu, ana shamba, ana wa kumpikia na wa kumtazama anapougua. Kilimanjaro, kwa desturi, mwanamke aliyejifungua hulishwa mtori, nyama na maziwa, na huepushwa na kazi nzito. Akitoka nje akiwa amenenepa, sifa huwaendea mume na wakwe. Miongoni mwa Wazaramo mwali aliwekwa ndani kwa muda mrefu, akilishwa na kufundwa, na siku ya kutolewa watu waliutazama mwili wake uliojaa kuwa ni dalili ya malezi aliyoyapata. Vivyo hivyo, mke akikonda, macho ya watu yalimgeukia mumewe. Kwa hiyo "umenenepa" lilikuwa neno lililoambiwa mtu mmoja, lakini likiwasifu wengi.

Historia ya nchi yetu baada ya Uhuru inatukumbusha uzito wa jambo hilo. Ukame wa miaka ya 1973 na 1974 uliilazimisha Tanzania kuagiza nafaka nyingi kutoka nchi za nje. Mwaka 1975 kampeni ya Chakula ni Uhai iliwakusanya watu wazima katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana habari za lishe, kama walivyokusanyika mwaka 1973 katika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu waliokuwa wakihangaikia ghala tupu hawakuwa na sababu ya kuuogopa unene.

Hata hivyo, tusiipambe jana kupita kiasi. Sifa ya unene ilikuwa na upande wake wa giza. Msichana aliyeumbwa mwembamba alisingiziwa maradhi, na mama yake alisingiziwa uchoyo. Tena maana ya unene haikutulia mahali pamoja. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, mnyonyaji alizoeleka kuchorwa katika katuni akiwa na kitambi kikubwa, na akaitwa kupe, yaani mdudu anayevimba kwa damu ya mwenziwe. Mwili ule ule uliokuwa ushahidi wa kutunzwa ukawa ushahidi wa dhuluma. Kisha ukaja UKIMWI, ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na wembamba nao ukageuka hukumu. Kijana aliyekondeshwa na malaria au na dhiki ya maisha alinyooshewa kidole, na wako waliotamani kunenepa ili majirani wapate kunyamaza. Somo la historia hiyo ni kwamba mwili ni shahidi asiyejua kusema. Sisi ndio tunaomsemea, na kila zama humtilia kinywani maneno yake.

Zama zetu nazo zina maneno yake. Televisheni ilianza Zanzibar katika miaka ya 1970 na Tanzania Bara katika miaka ya 1990. Mwaka 1994 mashindano ya urembo yalirudi nchini baada ya kuzuiwa kwa miaka mingi, na leo simu ya mkononi humletea kijana, akiwa kitandani mwake, picha za miili iliyochaguliwa na kurekebishwa kwa ustadi. Nguvu ya picha hizo si ya kubeza. Katika visiwa vya Fiji, kule Bahari ya Pasifiki, watu walikuwa na desturi zinazokaribiana na zetu: mwili mkubwa ulisifiwa, na mtu akikonda jamaa waliingiwa na wasiwasi. Televisheni ilifika katika jimbo la Nadroga mwaka 1995. Mtafiti Anne Becker na wenzake waliwahoji wasichana wa shule muda mfupi baada ya kufika kwake, na wakawahoji wengine mwaka 1998. Katika kundi la kwanza hakuna aliyesema kuwa hujitapisha ili apungue. Katika kundi la pili walikuwa 11 katika kila 100. Tena 74 katika kila 100 wa kundi hilo la pili walisema kwamba kuna nyakati hujiona wanene mno. Ni vigumu kuamini kuwa miili ilibadilika kiasi hicho kwa miaka mitatu. Kilichobadilika ni jicho la kuitazama.

Kwetu sisi jambo hili ni tata zaidi, kwa sababu jicho la kale halijafumba na jicho jipya limekwisha kufumbuka. Binti hutakiwa awe na tumbo bapa kama la picha, na wakati huo huo awe na makalio makubwa yanayosifiwa mtaani na ngomani. Ndiyo maana huuzwa dawa za kukondesha tumbo na dawa za kunenepesha makalio, pengine katika duka lile lile, na mnunuzi asijue zimetengenezwa kwa nini. Mvulana naye hudaiwa kifua kipana na misuli, kisha akipata kazi hutazamiwa aote kitambi ili aonekane mtu mzima. Aliye mnene huitwa bonge au tipwatipwa. Aliye mwembamba huitwa kimbaumbau. Mtoto anayeitwa hivyo shuleni huogopa kuchekwa uwanjani, hukaa kando wenzake wakicheza, na kwa kukaa kando huzidi kunenepa. Dhihaka inayodai kumrekebisha ndiyo inayomdhuru.

Hapana shaka atatokea mtu aseme: "Lakini unene ni hatari, na ukweli usisitiriwe kwa kuoneana haya." Mtu huyo ana hoja. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 hadi 2016 ulionyesha kuwa, nchini Tanzania, wanawake 28 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi kiasi. Unene wa namna hiyo huongeza hatari ya kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Lakini uchunguzi huo huo ulionyesha kuwa wanawake 10 katika kila 100 walikuwa wembamba kupita kiasi, na kuwa watoto 34 katika kila 100 wa chini ya umri wa miaka mitano walikuwa wamedumaa. Njaa na shibe zimekaa nyumba moja. Taifa lenye hali hiyo haliwezi kusema kwamba unene ni uvivu na wembamba ni bidii. Bei ya mboga na matunda, wingi wa soda na vyakula vya kukaangwa, kazi za kukaa kutwa, uhaba wa viwanja vya michezo na maumbile ya kuzaliwa, yote hayo yamo katika mwili wa kijana mmoja.

Hata kipimo chenyewe kitumiwacho na waganga, cha kugawanya uzito wa kilo kwa mraba wa urefu wa mita, kinatufundisha unyenyekevu. Kilibuniwa katika miaka ya 1830 na Adolphe Quetelet, mtaalamu wa hisabati wa Ubelgiji, aliyetaka kujua hali ya wastani ya watu wengi kwa pamoja. Hakukitunga ili kitoe hukumu juu ya mtu mmoja. Kipimo hicho humsaidia mganga kuuliza maswali; hakimwambii kama mgonjwa wake ni mtu mwema.

Basi iko tofauti kubwa baina ya kumshauri mtu na kumdharau. Anayeshauri huutazama mwili kwa ajili ya mtu. Anayedharau humtazama mtu kana kwamba ni mwili tu. Wahenga walituonya waliposema: hujafa hujaumbika. Onyo hilo halimhusu kilema peke yake. Linatuambia sote kwamba umbo ni kitu cha kupita, litanenepa na litakonda, litazaa na litaugua, na kwamba anayeuweka utu wake juu ya umbo ameujenga juu ya mchanga.

Kutokana na hayo, hatuna haja ya kurudia unene kama sifa, wala kuupokea wembamba kama sheria mpya. Katika urithi wetu lipo jambo moja linalostahili kuhifadhiwa, nalo ni lile swali lililojificha ndani ya salamu ya wazee: je, unatunzwa? Wazee walikosea walipolitafuta jibu katika mashavu ya mtu, lakini swali lenyewe lilikuwa la utu. Mzazi amwulizapo mwanawe kama amekula, amelala vizuri na ana amani moyoni, anaulinda utamaduni wetu kuliko anapomsifu kwa kunenepa. Mwalimu azuiapo majina ya dhihaka darasani na kumpa kila mtoto nafasi uwanjani, anafanya kazi ya afya na kazi ya malezi kwa pamoja. Na vijana wenyewe, ambao kila siku huonyeshwa picha za wasiowajua, wajifunze kuulizana swali hilo wao kwa wao. Mtu ni afya, ndiyo. Lakini hata siku afya inapompungukia, mtu angali mtu.