Saa Isiyo na Mwenyewe

Katika La Haine, filamu ya Mathieu Kassovitz ya mwaka 1995, saa hujitokeza kwenye skrini mara kwa mara ikigonga kama bomu lililotegwa. Inaanza saa nne na dakika 38 asubuhi na kukoma alfajiri inayofuata. Ajabu ni kwamba vijana wake watatu, Vinz, Hubert na Saïd, hawana miadi na mtu. Hakuna bosi anayewangoja wala darasa linalowakosa. Wanakaa juu ya paa, wanataniana, wanafukuzwa, wanahamia kona nyingine. Basi saa ile inamhesabia nani?

Aristotle alifundisha kwamba tunahangaika na kazi ili tupate wasaa, na kwamba katika wasaa ndimo mtu hufanya yaliyo bora. Kwa kipimo hicho vijana hawa ni matajiri. Lakini raia aliyemfikiria mwanafalsafa huyo alikuwa na mji uliomhitaji: baraza lilitaka kura yake, marafiki walitaka maoni yake. (Na watumwa walimfulia nguo, jambo ambalo wapenzi wa wasaa hawapendi kukumbushwa.) Muda wake ulikuwa wake kwa sababu kulikuwa na watu ambao angeweza kuwanyima. Asiyengojwa popote hana hata wa kumchelewesha.

Filamu ilipigwa Chanteloup-les-Vignes, kaskazini-magharibi mwa Paris, katika mtaa wa maghorofa wa La Noé uliojengwa miaka ya 1970, viwanda vya magari vya bonde la Seine vilipokuwa bado vinataka mikono. Mwaka 1983 Peugeot ilitangaza kupunguza karibu wafanyakazi 3,000 katika kiwanda cha Talbot cha Poissy, jirani tu na hapo. Sisifii zamu ya kiwandani, inachosha na kudhalilisha. Hata hivyo, mtu wa zamu anaijua Jumatatu yake, na anajua wa kumnung'unikia. Watoto wa mtaa kama ule walirithi nyumba bila zamu.

Ndipo inapoingia bastola. Usiku uliotangulia, katika ghasia za mtaani, polisi mmoja ameipoteza, Vinz akaiokota. Rafiki yao Abdel yuko mahututi hospitalini baada ya kupigwa akiwa mikononi mwa polisi, na Vinz anaapa kwamba Abdel akifa naye ataua polisi. Wengi husikia humo kisasi tu. Mimi nasikia pia ratiba. Kwa mara ya kwanza siku ya Vinz ina kitu cha kusubiri, ina sharti na matokeo, ina kesho. Chuki imempa alichopaswa kupewa na ajira au shule: sababu ya kutazama saa. Hasira yenyewe haikuzuliwa. Kassovitz alianza kuandika baada ya kijana wa miaka 17 kutoka Zaire kupigwa risasi ndani ya kituo cha polisi jijini Paris, Aprili 1993.

Habari za kifo cha Abdel zinapofika, Vinz anapata shabaha kamili: mbaguzi mmoja wa genge lililowavamia wenzake, peke yake, mbele ya mdomo wa bastola. Anashindwa kufyatua. Alfajiri anamkabidhi Hubert silaha, na punde tu bastola ya polisi anayemtisha inafyatuka na kumuua Vinz. Anakufa akiwa ameshaifuta miadi yake.

Hoja yangu ingetulia hapa kama si Hubert. Yeye alikuwa na miadi. Alikuwa bondia, alikuwa na ukumbi wa mazoezi, alikuwa na mama wa kusaidia, alijua anataka kuondoka mtaani. Ukumbi ukateketezwa katika ghasia za watu wa mtaa wake mwenyewe. Na bado ni yeye, mwenye subira kuliko wote, anayeinua bastola mbele ya yule polisi. Kwa hiyo kungojwa hakutoshi. Lazima pia wale wanaokungoja wawe na uwezo wa kukulinda mpaka ufike, na hilo halikuwa mikononi mwa mama yake.