Ulimi wa Msimamizi wa Baraza

Kila mahali wakutanapo watu ili kuulizana na kujibiana, hapana budi awepo mmoja wa kuyaongoza maneno. Katika mkutano wa wakulima ni mwenyekiti. Darasani ni mwalimu. Katika gazeti lipokealo barua za wasomaji ni mhariri. Kazi yake yajulikana: kumpa huyu zamu, kumnyamazisha apayukaye, kulikataa swali lisilohusu shauri, na kumrudisha aliyepotea njiani. Bila yeye baraza hugeuka soko. Basi hatuulizi kama yafaa msimamizi awe na nguvu hiyo. Twauliza hivi: aitumiapo, aseme kwa ulimi gani?

Tulihudhuria mkutano wa wakulima katika kijiji kimoja cha milima ya Uluguru. Mzee mmoja alisimama akauliza kama mbegu mpya za mahindi zilizoletwa kutoka mjini zaweza kuwekwa akiba baada ya mavuno, zikapandwa tena mwaka wa pili. Jambo hilo lilikuwa limekwisha kuelezwa asubuhi, naye alikuwa amechelewa, maana kwake ni mbali. Msimamizi akamjibu, "Mzee, ulikuwa umelala? Swali kama hilo huulizwa na mtoto. Keti." Watu wakacheka. Mzee akaketi, wala hakusema neno tena mpaka jua kuchwa.

Msimamizi alisema kweli, kwani jibu lilikuwa limekwisha kutolewa. Lakini baada ya kicheko kile hapana mtu aliyeuliza tena. Akina mama watatu waliokuwa wakinong'ona nyuma walinyamaza. Tulipokwenda nao njiani jioni, tulitambua ya kuwa wao nao hawakulielewa neno lile la mbegu. Na msimu uliofuata mzee yule alipanda mbegu alizoziweka akiba, na mavuno yake yakawa haba. Wahenga walisema, kuuliza si ujinga. Lakini mtu mmoja aliyeaibishwa mbele ya wenziwe huwafundisha wote kwamba kuuliza ni hatari. Hivyo dharau humpiga mmoja, na hasara huwa ya baraza zima.

Habari za milima yetu zatupa mfano mkubwa zaidi. Tangu mwaka 1950 serikali ya Waingereza ilikuwa na mpango wa kuzuia mmomonyoko wa udongo katika Uluguru, na watu wakaamriwa kukata matuta ya ngazi katika mashamba yao. Nia ya kuuhifadhi udongo ilikuwa njema, maana mvua huuchukua kutoka miteremkoni mpaka mtoni. Walakini wakulima wa upande wa Matombo walikuwa na neno: ngazi zile zaufukia udongo mzuri na kuuleta juu udongo usio na rutuba. Neno hilo halikuwa la uvivu. Baadaye hata wataalamu walikubali ya kuwa udongo wa pande zile haukufaa kwa ngazi kama ule wa Mgeta, ambako watu huzilima kwa mboga. Lakini asiyekata matuta alitozwa faini, na wapingao wakahesabiwa kuwa wakaidi na wachochezi. Julai 1955 ghasia ikazuka Matombo, mtu mmoja akauawa, na mpango ukaachwa. Hatusemi ya kuwa maneno peke yake yaliyaleta hayo. Kazi ilikuwa nzito, na siasa ilikuwamo. Twasema tu kwamba aliyemwita muulizaji mkaidi alijizibia masikio mwenyewe, na jibu alilolihitaji likapotea.

Wengine watatuambia, "Sisi ni watu wa utani. Neno la mzaha barazani si tusi." Kweli, kwa desturi ya Waluguru ukoo na ukoo huwa watani, na mtani aweza kumfanyia mzaha mwenziwe hata msibani, wala hakasirikiwi. Lakini tuangalie kwa nini hakasirikiwi. Mtani akikutania, nawe waweza kumtania. Neno lake hupata jibu. Msimamizi hana mtani pale alipoketi. Yeye ndiye agawaye zamu, naye akikucheka na kukuambia keti, huna ruhusa ya kumrudishia. Mzaha usioweza kurudishwa si utani tena, bali ni fimbo. Kwa sababu hiyo apewaye mamlaka juu ya maneno ya wengine hana budi kuyachunga ya kwake kuliko wote.

Wengine watasema ya kuwa upole huharibu kazi, na wajeuri watapanda juu. Sisi hatutaki msimamizi awe mlegevu. Swali lisilohusu na likataliwe. Atukanaye na atolewe nje. Ukali wa tendo waweza kwenda pamoja na heshima ya neno. Msimamizi yule angaliweza kusema, "Mzee wetu, jambo hilo tulilieleza asubuhi. Mbegu hizo hazifai kurudiwa, na mwenzetu atakueleza sababu tukimaliza. Sasa tuendelee." Mkutano usingalichelewa. Hapo angalilisema swali pasipo kumsema muulizaji, naye mzee angaliondoka na jibu lake. Tena, kama mtu ana kosa la kukaripiwa, na akaripiwe kando, si mbele ya jirani na wajukuu zake.

Wala sisi walimu tusijidhanie kuwa tumeepuka. Mara ngapi tumeshika chaki na kumwambia mtoto kwamba swali lake ni la kijinga, kwa kuwa sisi wenyewe tulikuwa tumechoka, au hatukulijua jibu? Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole hupona, lakini mtoto yule aweza kunyamaza miaka yote ya shule. Aliyekwisha kujikwaa hivyo, na aombe radhi palepale alipokosea, mbele ya wale wale waliosikia. Kuomba radhi faraghani kwa aibu iliyotolewa hadharani ni kulipa nusu ya deni.

Basi, ndugu msomaji, siku utakapoketishwa kwenye kiti cha msimamizi, mtazame aliyeketi nyuma kabisa, ambaye hajasema neno. Yeye asikiliza jinsi unavyomjibu mwenziwe, ili ajue kama atasimama.