Mipira Ilidondoka, Ubongo Ukajengeka



Mwaka jana nusura nifungashe virago niondoke seminari. Nilikuwa naungama dhambi ile ile, kwa maneno yale yale, mpaka naona aibu. Nikajiambia: mimi ndivyo nilivyo, sibadiliki. Shahada yangu ya falsafa haikunisaidia kitu.

Ndipo nikasoma utafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford wa mwaka 2009. Watu wazima 24 walijifunza kurusha na kudaka mipira mitatu kwa wiki 6. Wengine 24 hawakujifunza. Wote walipigwa picha za MRI, kabla na baada. Waliojifunza walionekana kubadilika katika sehemu nyeupe ya ubongo, yaani nyuzi zinazopeleka taarifa kutoka eneo moja hadi jingine. Weupe wake unatokana na mayelini, utando wa mafuta unaozivika nyuzi hizo ili taarifa ikimbie. Kumbe ubongo wa mtu mzima si tofali lililokwisha kuchomwa!

Kilichonigusa zaidi ni hiki: kiasi cha mabadiliko hakikuendana na ustadi. Hata ambaye mipira ilimponyoka, mazoezi yake hayakupotea bure.

Sasa tusichanganye mambo. Neema siyo mayelini, na mazoezi hayanunui wokovu. Ila Mtakatifu Thomasi wa Akwino anatufundisha kwamba tabia njema hukomazwa na matendo yanayorudiwa, na kwamba neema hujenga juu ya maumbile yetu. Paulo naye, katika Warumi 12:2, anataka tugeuzwe kuanzia ndani, kwenye nia. Lakini tahadhari: njia inayokanyagwa kila siku ndiyo inayopanuka, iwe ya kwenda kanisani au kilabuni. Simu unayoifungua usiku wa manane, hayo nayo ni mazoezi.

Nilipomweleza mlezi wangu wa kiroho kwamba nimechoka kuanguka, alicheka kidogo: "Frateri, umekuja tena kuungama? Basi bado unaokota mpira."

Kijana, wiki hii chagua jambo moja dogo: dakika 10 za sala, kila siku, saa ile ile. Ukikosa leo, kesho okota mpira uendelee. Mimi bado naokota wangu. Tuombeane.

Ee Bwana, uliyetuumba tukiwa watu wa kujifunza, usituache tukate tamaa. Amina.